Basi la Mezani na Basi la Barabarani

Katika ofisi ya Chama Kikuu chetu, juu ya meza ya Katibu, pana basi jekundu la ghorofa mbili lienealo kiganjani. Wageni hulicheka, wakidhani ni mchezo wa mtoto. Sisi twaliheshimu, maana limetufunza somo ambalo yafaa kuliandika tunapotimiza miaka kumi.

Mwaka 1947, mjini London, marafiki wawili wasio ndugu, ingawa wote waliitwa Smith, walianzisha kampuni ya Lesney. Mwaka 1953 ikaanza kuuza vigari vya chuma ndani ya visanduku mfano wa viberiti, vikaitwa Matchbox; mwaka uliofuata likaongezwa basi la London. Vilikusudiwa watoto, lakini watoto walikua wasiviache. Ndipo wakatokea wakusanyaji, watu wazima wenye kutaka vipimo kamili. Kipimo kipendwacho Uingereza ni 1 kwa 76, yaani basi la mita 12 huwa sentimita 16 hivi. Mkusanyaji hukagua rangi, namba ya njia, hata idadi ya madirisha.

Basi la haidrojeni nalo lina asili ya zamani. Mwaka 1842 William Grove, mtu wa Wales, alieleza chombo kinachotoa umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni. Ndivyo basi hilo liendavyo: gesi hukutana na hewa ndani ya seli, umeme ukazungusha mota, na kinachotoka nyuma ni maji na mvuke tu. Kuanzia mwaka 2003 miji tisa ya Ulaya, miongoni mwake London, Hamburg na Barcelona, ilijaribu mabasi 27, kila mji matatu.

Fundi wa mifano aweza kuonyesha matangi ya gesi yaliyoinuka juu ya paa. Hawezi kuonyesha gesi yenyewe imetoka wapi. Na hapo ndipo penye jambo.

Kwa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2010, mji wa Whistler, Kanada, ulipewa mabasi 20 ya haidrojeni, kundi kubwa kuliko yote duniani wakati huo. Yalipendeza. Lakini haidrojeni yake ilitoka Quebec, ng'ambo ya pili ya nchi, ikisafirishwa kwa malori zaidi ya kilomita 4,000. Basi halikutoa moshi. Lori liliutoa njia nzima. Gharama zikalemea, na mwaka 2014 mabasi hayo yakaondolewa, dizeli ikarudi.

Hatusemi kwamba fikra hiyo ilikufa. Mwaka 2021 mabasi 15 ya ghorofa mbili ya haidrojeni yalianza kuchukua abiria Aberdeen, Uskochi, mji uliokwisha kujijengea vituo vya gesi hiyo.

Ndugu wanachama, katika mikutano yetu husikika sauti zikidai kitu kipya kwa sababu kimeonekana kwingine kikimeremeta. Hatuwalaumu wanaodai, hamu ya maendeleo ndiyo iliyotuunganisha. Lakini wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Basi kabla ya kuidhinisha fedha za wanachama, yatupasa kuuliza: nishati yatoka wapi, fundi ni nani, na vipuri vitapatikana kwa bei gani? Asiyeuliza hayo amenunua basi la mezani kwa bei ya basi la barabarani.