Bili ya majitaka Dar inapigwaje?

Wadau, wengi mnaniuliza hiyo "majitaka" kwenye bili ya maji ni kitu gani. Naeleza kifupi.

Majitaka ni maji ya chooni, bafuni na jikoni yanayoingia bomba la umma. Ya mvua hayamo. Ukiyaelekeza huko chemba zinafurika.

Bomba la majitaka halina mita, so DAWASA wanapigia hesabu mita ya maji safi. Uniti 1 ni lita 1,000, bei inaidhinishwa na EWURA. Yaani koki ikivuja ndani, unalipia mara mbili!

Mwenye shimo analipa gari la kunyonya, kwa safari. Kama hujaungwa na bomba halafu unatozwa, beba bili nenda ofisini ukadai. Msinyamaze jamani! Huko kwenu mnatozwaje?