Kianzio cha Mnunuzi na Mkono wa Serikali: Funzo la Marekani, 2008–2010

Februari 2009, sheria ya kufufua uchumi wa Marekani ilimpa mnunuzi wa nyumba ya kwanza nafuu ya kodi ya asilimia 10 ya bei, mradi isizidi dola 8,000. Nafuu kamili ilikuwa ya wenye kipato kisichozidi dola 75,000 kwa mwaka, au 150,000 kwa wanandoa. Ambaye kodi yake haikufikia kiasi hicho alilipwa tofauti taslimu. Wakati huohuo, mkopo wenye bima ya FHA, mamlaka ya nyumba ya shirikisho iliyoundwa mwaka 1934, ulidai kianzio cha asilimia 3.5 tu. Wanaoitetea sera hiyo huzungumzia misaada hii miwili kila mmoja peke yake, ilhali mnunuzi aliipata kwa pamoja. Kwa nyumba ya dola 200,000, kianzio kilikuwa dola 7,000 na nafuu dola 8,000. Serikali ilimrudishia mnunuzi zaidi ya alichotoa.

Hoja yangu ni kwamba kosa la mpango ule halikuwa udogo wa kianzio. Kosa lilikuwa kuweka fedha za umma mahali ambapo muuzaji angeweza kuzifikia kwa urahisi, huku mnunuzi akiachwa mikono mitupu baada ya kukabidhiwa funguo.

Tuanze na muuzaji. Nyumba hazijengwi kwa wiki mbili. Wanunuzi wengi wanapopewa fedha kwa muda maalumu, wakashindana mtaa mmoja, sehemu ya fedha hizo huingia katika bei. Marekani ilikuwa imekwisha kuliona hili. Kabla ya 2008 ulikuwapo utaratibu wa muuzaji kuchangia shirika la hisani, nalo likampa mnunuzi kianzio. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge ilibaini mwaka 2005 kwamba nyumba zilizonunuliwa hivyo ziliuzwa kwa bei ya juu kwa takriban asilimia 2 hadi 3, na kwamba wakopaji wake walishindwa kulipa mara nyingi kuliko wengine. Kwa maneno mengine, mnunuzi alikopeshwa kianzio chake mwenyewe ndani ya bei. Sheria ya nyumba ya Julai 2008 iliupiga marufuku mchezo huo, na sheria hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha nafuu ya kwanza ya kodi, ya dola 7,500.

Hiyo ya kwanza ilikuwa nafuu kwa jina tu. Ilikuwa mkopo usio na riba wa kurejeshwa kwa miaka 15, dola 500 kila mwaka. Hivyo aliyenunua Desemba 2008 alibaki na deni, na jirani yake aliyenunua Januari 2009 akapewa fedha asizopaswa kurudisha isipokuwa akiihama au kuiuza nyumba kabla ya miezi 36. Sijaona hoja ya haki inayoweza kuieleza tofauti hiyo.

Kisha kuna suala la wakati. Nafuu ya kodi hutoka baada ya nyumba kununuliwa, lakini asiye na akiba huhitaji fedha siku ya kutia saini. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ilijaribu kuliziba pengo hilo mwezi Mei 2009: mashirika ya nyumba ya majimbo yaliruhusiwa kumkopesha mnunuzi nafuu hiyo mapema, akaitumia hata kama kianzio. Wakopeshaji binafsi walibanwa zaidi, kwani kwao asilimia 3.5 ilibidi itoke kwingine. Nafuu yenyewe nayo ilivutia wezi: Oktoba 2009 Bunge lilielezwa na mkaguzi wa masuala ya kodi kwamba miongoni mwa waliodai nafuu hiyo walikuwamo mamia ya watoto, mdogo wao akiwa na umri wa miaka minne.

Mpango uliongezewa muda, na mwisho wa kusaini mkataba ukawa 30 Aprili 2010. Julai mwaka huo mauzo ya nyumba zilizokwisha kukaliwa yalishuka kwa takriban asilimia 27 kulinganisha na Juni. Wanunuzi wengi, kumbe, walikuwa watu ambao wangenunua tu, wakaharakishwa. Bei ziliendelea kulegea hadi mapema 2012. Aliyeingia kwa asilimia 3.5 alihitaji bei ishuke kidogo tu ili deni lipite thamani ya nyumba, bado hajahesabu ada ya dalali siku ya kuuza.

Je, basi tuchukie kianzio kidogo? Hapana. Mikopo ya askari wastaafu, iliyoanza mwaka 1944, haidai kianzio chochote kwa kawaida, lakini katika msukosuko ule wakopaji wake walinyang'anywa nyumba kwa kiwango kidogo kuliko wale wa FHA. Mkopeshaji hupima kinachobaki mfukoni baada ya mkopo, kodi na matunzo ya watoto, na mkopaji akianza kuyumba idara husika humfuata mapema kutafuta suluhu. Kinachomlinda mwenye nyumba ni salio la kila mwezi.

Kenya imechukua njia inayofanana kwa sehemu na ile nafuu ya kodi ya Marekani. Tangu Desemba 2024 mlipakodi anaweza kukata hadi shilingi 360,000 za riba ya mkopo wa nyumba kwa mwaka kutoka kwenye kipato kinachotozwa kodi. Kwa anayetozwa asilimia 30, hiyo ni akiba ya shilingi 108,000. Lakini mikopo ya nyumba katika mabenki yote ya nchi hiyo ni takriban 30,000. Nafuu hiyo humfikia aliyekwisha kukubaliwa na benki, si yule anayekosa kianzio.

Kama hazina ya umma inataka kweli kumsaidia mnunuzi mwenye kipato kidogo, fedha zile zile ziwekwe katika akaunti ya akiba ya mkopaji, zitumike pale anapopoteza kazi au paa linapovuja, na nyingine zipelekwe kwenye ujenzi wa nyumba mpya. Bunge lolote linalopanga kutoa nafuu ya kodi kwa wanunuzi lianze kwa kuulizwa swali moja: nyumba za kuuziwa hao wanunuzi ziko wapi?