Kikombe Huenda kwa Mwenye Gari

Ukitaka kujua umri wa gari Nairobi, soma namba yake. KBA ilianza 2007, KCA 2014, KDA 2020. Ukikuta namba isiyo na herufi mwishoni, jua hiyo ndai ilisajiliwa kabla ya miaka ya 1990. Huenda imekuzidi umri, na bado inawaka asubuhi.

Siku ya kuziona nyingi pamoja ni Jumapili ya Concours d'Elegance, kwa kawaida mwishoni mwa Septemba, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Waandaaji ni klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, na mashindano yenyewe yanarudi nyuma hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina ni la Kifaransa: mashindano ya umaridadi. Husemwa kwamba desturi hii ilitokana na matajiri wa Paris waliotembeza magari yao ya farasi ili waonekane, kwa hiyo uwanja wa farasi si mahali pabaya pa kuifanyia. Kasi haina maana hapa. Waamuzi wanatazama rangi, viti, buti na injini, halafu wanainama kuchungulia chini ya gari, pale ambapo mimi na wewe hatutazami mpaka oili idondoke. Alama zinajumlishwa, na kikombe kinaenda kwa mwenye gari.

Hapo ndipo nina neno.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Huwezi kuagiza Pijo 404 kama unavyoagiza Vitz. Kwa hiyo magari mengi ya zamani utakayoyaona kwenye nyasi zile yamezeekea hapa hapa. Yamekula vumbi letu na mashimo yetu, na mtu fulani alikuwa akiyafufua kila mara.

Ebu tuchukue hiyo 404. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Watu waliona hayo wakapiga hesabu: gari linalovumilia matope ya Safari litavumilia njia ya kwetu. Pijo likawa gari la mwalimu mkuu na la daktari, na yale marefu ya nyuma yakabeba abiria kati ya miji, watu wamebanana na kuku wao juu.

Gari la namna hiyo halifiki miaka 50 kwa kupigwa polishi. Linafika kwa sababu ya Grogan. Rasmi barabara inaitwa Kirinyaga Road, lakini jina la yule setla, Ewart Grogan, limegoma kutoka midomoni. Pale, kando ya mto Nairobi, spea ikikosekana inachongwa.

Mjomba wangu alifanya kazi Grogan miaka mingi. Nilipokuwa mdogo nilitumwa kumpelekea chakula, nikakawia makusudi nimtazame. Alikuwa akilaza karatasi ya gasketi juu ya chuma, anagongagonga kingo kwa nyundo ndogo, taratibu, mpaka umbo lote lijitokeze na matundu yake. Kabureta aliirekebisha kwa sikio. Bisibisi mkononi, anaambia kila mtu anyamaze, anazungusha kidogo, anasikiliza, anarudisha nusu. Hakuna aliyemwandikia hayo mahali. Wateja walikuwa na logbuku zenye majina yao. Yeye alikuwa na ovaroli.

Simlaumu mtu wa klabu. Hata Pebble Beach kule California, na Villa d'Este kule Italia, kikombe hupokewa na mwenye gari. Ila sisi tuna historia nyingine ya kujifunzia. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alianza kama makanika kwenye gereji ya babake. Mwaka 1965 alishinda Safari kwa Volvo PV544 akiwa na kakake, Jaswant, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Fundi alishika usukani, na jina lake tukalijua. Je, wale ambao hawakuwahi kukaa kwenye usukani?

Na muda unakwisha. Fundi kijana wa leo anachomeka kompyuta chini ya dashibodi, inamwambia ugonjwa. Si vibaya, magari ya sasa ndivyo yanavyotaka. Lakini kabureta haina pa kuchomeka. Wazee wanaojua sauti yake wanarudi mashambani mmoja mmoja, na wakiondoka, magari yale yatabaki kuwa sanamu zenye rangi nzuri.

Ningependa kuona kadi ndogo kwenye kioo cha kila gari linaloshindana, chini ya mwaka na modeli: nani alinyoosha bodi, nani alifungua injini, nani alishona viti. Waamuzi waitolee alama, hata 5 tu. Mwenye gari akitaka ushindi atalazimika kwenda kuwatafuta.

Mimi sijasubiri. Nikikuta namba ya zamani imesimama kwenye jam ya Ngong Road au imeegeshwa Kawangware, ninamsalimia dereva na kumwuliza jina la fundi wake. Mwaka wa gari tutauongelea baadaye. Wengi hucheka kwanza. Halafu wanalitaja, mara nyingi la utani tu, na mimi ninaandika.