Mende na Pumu ya Watoto

Mende wa nyumbani ni miongoni mwa vichocheo vikubwa vya pumu kwa watoto wa mijini, hasa katika majengo chakavu ya kupanga ya Marekani, ambako ndiko suala hili limechunguzwa zaidi.

Mdudu na vumbi lake

Msumbufu mkuu ni mende mdogo wa kahawia, Blattella germanica, anayejibanza nyuma ya jiko na chini ya sinki. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yanapokaribia kuanguliwa. Kinachomdhuru mtoto ni kinyesi, mate na magamba ya mdudu huyo, ambavyo hukauka, vikasagika na kuchanganyika na vumbi la sakafuni na magodoroni. Chembe hizo ni nzito, hazielei hewani kwa muda mrefu. Hutimka mtu anapofagia au mtoto anaporukaruka kitandani. Hata mende wakiisha, vumbi huweza kuendelea kuamsha mzio kwa miezi kadhaa.

Utafiti wa 1997

Watafiti Bernton na Brown waliandika kuhusu mzio wa mende mwaka 1964, lakini wengi walizinduka Rosenstreich na wenzake walipochapisha matokeo yao katika jarida la New England Journal of Medicine mwaka 1997. Walichunguza watoto 476 wenye pumu kutoka maeneo nane ya mijini, yakiwemo ya Chicago, Detroit na Baltimore. Asilimia 36.8 walikuwa na mzio wa mende, na nusu ya vyumba vya kulala vilijaa vumbi la mdudu huyo. Watoto wenye mzio waliolala katika vumbi hilo walilazwa hospitalini wastani wa mara 0.37 kwa mwaka. Wenzao, mara 0.11. Utitiri na paka, waliozoeleka kulaumiwa, hawakuonyesha tofauti ya namna hiyo.

Udhibiti

Dawa ya kupuliza, kimbilio la kaya nyingi, yenyewe huweza kumbana mtoto kifua. Chambo cha jeli kwenye nyufa ni bora: katika utafiti wa New Orleans uliochapishwa mwaka 2017, watoto wa nyumba zilizotegwa chambo walipungukiwa na siku za dalili.

Lakini mpangaji anayesugua jiko lake kila usiku bado hutembelewa na mende wa jirani kupitia matundu ya mabomba. Tangu 2019, sheria ya jiji la New York iliyopitishwa mwaka 2018 inawabana wenye majengo ya kuanzia nyumba tatu kuondoa wadudu na panya na kuziba matundu wanamopenyea.