Deni la Sura

Biblia ya Waprotestanti ina sura 1,189. Anayetaka kuimaliza kwa mwaka husoma sura tatu au nne kila siku, na akianza na Mwanzo tarehe 1 Januari, mwisho wa mwezi yuko Mambo ya Walawi. Hapo ndipo wengi hukwama. Si uvivu: mtu ameugua, au amesafiri kwenda msibani, akirudi anakuta sura kumi zinamdai. Deni hilo ndilo linaloua mazoea ya kusoma Neno, na mapokeo ya Kikristo yamelishughulikia kwa njia zisizofanana.

Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Dundee, Uskoti, aliwaandalia waumini wake ratiba ya mwaka 1843. Siku ya kwanza familia ilisoma Mwanzo 1 na Mathayo 1 pamoja. Kisha kila mtu faraghani akasoma Ezra 1 na Matendo 1. Kwa mwendo huo Agano la Kale husomwa mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Nampenda kwa sababu alitaka usharika mzima usome sura zilezile siku ileile. Ila sura nne kwa siku ni mzigo, naye alilijua hilo: aliwaonya juu ya kusoma kwa desturi tu, kujiona wenye haki, kusoma bila makini, na ratiba kugeuka nira. Alifariki Machi mwaka huohuo akiwa na miaka 29. Ratiba yake ingali inatumika. Maonyo yake hayasikiki sana.

Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, walishika njia nyepesi zaidi. Mwaka 1728 kiongozi wao, Zinzendorf, alianza kuwapa neno la siku, likawa linapelekwa nyumba kwa nyumba. Kitabu cha kwanza cha maneno hayo kilikuwa cha mwaka 1731. Hadi leo mstari wa Agano la Kale huchotwa kwa kura kwenye bakuli, kisha mtu huutafutia mwenzake katika Agano Jipya. Hapa hakuna deni, kwa kuwa neno la jana limepita na siku yake. Hasara yake ni kwamba mstari hung'olewa mahali ulipoota. Wangapi wametundika Yeremia 29:11 ukutani bila kujua kwamba barua ile iliwaambia watu wa uhamishoni wangoje miaka 70?

Kwangu mimi, aliyeona mbali zaidi ni Benedikto, katika karne ya 6. Sura ya 48 ya Kanuni aliyowaandikia watawa inatenga saa za kazi ya mikono na saa za kusoma. Wakati wa Kwaresima kila mtawa hupewa kitabu akisome mfululizo toka mwanzo, na mzee mmoja au wawili huzunguka saa hizo kuangalia nani amekaa bure au anapiga soga. Angalia kinachosimamiwa: ni saa. Hakuna anayeuliza umefika ukurasa gani. Aya inaweza kurudiwa asubuhi nzima mpaka igeuke sala, na ndiyo maana katika karne ya 12 mtawa Guigo II aliweza kuandika juu ya ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, kumtazama Mungu. Hata hivyo Kanuni inataka Zaburi zote 150 ziimbwe kwa pamoja kila juma, ili asiwepo wa kubaki na zile anazozipenda tu.

Majirani zetu Waislamu nao, pale sala za tarawehe za usiku wa Ramadhani zinapopangwa kwa juzuu 30 za Kurani, hubebana vivyo hivyo: imamu husonga mbele hata usipofika.

Kwa hiyo, nikimfuata Benedikto, nyumba yenye watoto wa shule nisingeipa ratiba ya mwaka. Ningeipa saa moja maalumu, baada ya chakula cha usiku, na Injili ya Marko, sura 16, aya chachechache, kila mtu kwa zamu, hata mdogo anayesoma kwa kusitasita. Zikipita siku tatu bila kusoma, wafungue palepale walipoishia, bila kufidia kitu.