Sanamaki: Jina la Dawa kama Ushahidi wa Historia

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya jani moja la dawa, yaani sanamaki, pamoja na msamiati unaoambatana nalo katika Kiswahili. Jani lenyewe si geni kwa mtu wa pwani. Huuzwa likiwa kavu katika maduka ya viungo na mitishamba, na wazee hulifahamu kuwa dawa ya kuendesha tumbo, kama ilivyo chumvi ya haluli. Wanaisimu, wafikapo kwenye neno la namna hii, aghalabu huandika "kutoka Kiarabu", kisha hupita. Hoja yetu ni kwamba ufafanuzi huo, ingawa ni sahihi, hauelezi lolote ila njia ambayo jina lilipitia. Haueleza mmea ulikoota, wala nani aliyejua kuutumia, wala kwa maneno gani ujuzi huo ulirithishwa.

1. Jina na safari yake

Asili ya neno hili ni maneno mawili ya Kiarabu, sanā na makkī, maana yake "sana ya Makka". Katika Kiswahili maneno hayo yameungana kuwa moja. Irabu ndefu zimefupishwa, konsonanti iliyokazwa imelegezwa, na mkazo umehamia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kanuni ya lugha yetu. Neno limeingia katika ngeli ya i-/zi-, na msemaji wa kawaida hahisi tena kwamba ametaja mji wowote. Mwenendo huu unafanana na ule wa habasoda, ambayo nayo ilitokana na maneno mawili ya Kiarabu yenye maana ya "mbegu nyeusi".

Katika ulimwengu wa Kiislamu heshima ya jani hili ni ya zamani. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, aliyefariki mwaka 892, kutoka kwa Asmaa bint Umais inalisifu kuwa dawa ya tumbo. Ibn al-Baitar, mtaalamu wa mimea aliyefariki Dameski mwaka 1248, aliliingiza katika kitabu chake kikubwa cha dawa. Watu wa Ulaya walilipata dawa na jina kwa Waarabu, ndiyo maana mpaka leo wao husema "senna". Linnaeus aliuita mmea huu Cassia senna mwaka 1753, naye Philip Miller akauita Senna alexandrina mwaka 1768. Jina hili la pili ndilo linalokubaliwa na wataalamu wa mimea siku hizi.

Hapa yafaa tutazame kwa makini majina ya mahali. Wafanyabiashara wa Ulaya waliisifu sana "senna ya Alexandria", hali jani hilo halikuota Alexandria. Lilivunwa Nubia na Sudan, likabebwa kwa ngamia na majahazi ya mto Nili hadi Misri, na Alexandria ilikuwa bandari ya kulisafirishia tu. Aina nyingine iliitwa Tinnevelly, kwa jina la wilaya ya kusini mwa Bara Hindi ambako mmea ulipelekwa ukalimwa. Vivyo hivyo, "ya Makka" lilikuwa jina la sifa ya bidhaa: Hijazi ilikuwa mojawapo ya nchi zake, na Makka ilikuwa mahali ambapo mahujaji walikutana na kununua. Kwa hiyo majina yote matatu ni majina ya soko, wala si vyeti vya kuzaliwa vya mmea.

Tena, mmea wenyewe huota katika nchi kame kutoka Afrika ya kaskazini hadi Pembe ya Afrika, na hata katika maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya. Basi dawa iliyofika Mombasa kwa jahazi, ikiwa na jina la ng'ambo, ni ndugu wa kichaka kinachoota ndani ya mipaka yetu.

2. Kuvuna, kuanika na kuchagua

Wavunaji wa Nubia walikata matawi mara mbili kwa mwaka, na mavuno makubwa yalikuwa yale ya baada ya mvua. Matawi yalianikwa juani, kisha yakapigwa ili majani na maganda yaanguke, na vijiti vikaondolewa. Kazi iliyohitaji jicho kali ilikuwa kuchagua, kwa sababu majani ya mmea mwingine uitwao argel yalichanganywa humo mara kwa mara. Aliyejua kazi yake alitazama kitako cha jani. Jani la sanamaki halilingani pande zake mbili pale linaposhikana na kikonyo, na vena zake huonekana wazi. Jani la argel hulingana pande zote, ni nene zaidi, nalo lina vinyweleo na mikunjo.

Tunapoieleza kazi hiyo kwa Kiswahili, jambo moja linajitokeza. Jina la dawa ni la Kiarabu, lakini vitenzi vya kuishughulikia si vya Kiarabu. Mfano ulio bora ni anika. Kitenzi hiki kinapatikana, kwa maana ile ile ya kutandaza kitu kikauke, katika Kikikuyu na Kiganda; Kishona na Kichewa husema yanika, na Kizulu eneka. Kuenea kwake kunathibitisha kwamba ni urithi wa kale wa lugha za Kibantu, uliokuwapo kabla ya jahazi lolote kuleta sanamaki. Chambua, twanga, ponda, loweka na chuja navyo ni maneno ya nyumbani.

Mgawanyiko huo huo tunauona katika vipimo. Dukani dawa ilipimwa kwa wakia, ratili na frasila, ambayo yote ni maneno yaliyotujia kwa njia ya biashara na Waarabu. Jikoni ilipimwa kwa ukufi, yaani kiasi kinachokaa katika kiganja, au kwa konzi. Soko lilikuwa na lugha yake, na jiko lilikuwa na lugha yake.

3. Kutayarisha

Utayarishaji wa nyumbani ni rahisi, lakini una sababu zake. Majani makavu hulowekwa katika maji usiku kucha, au humiminiwa maji ya moto yakafunikwa, kisha huchujwa. Wajuao hawapendi kuyachemsha kwa muda mrefu, kwa kuwa maji yaliyochemka sana nayo huleta msokoto wa tumbo. Ili kuupunguza msokoto huo hutiwa tangawizi au kiungo kingine chenye harufu. Maganda ya mmea huhesabiwa kuwa na nguvu za upole kuliko majani.

Sayansi imeeleza baadhi ya mambo haya. Mwaka 1941 Arthur Stoll na wenzake walitangaza kwamba wamezitenga kemikali ziitwazo senosaidi. Kemikali hizi hupita tumboni bila ya kufanya kazi, mpaka zifike katika utumbo mpana, ambako bakteria huzigeuza. Ndiyo maana dawa hukawia baina ya saa 6 na 12, na ndiyo maana desturi ya kuinywa wakati wa kulala ina mantiki. Shirika la Afya Duniani liliitia senna katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba dawa ya jani haina madhara. Anayeitumia kwa muda mrefu hupoteza maji na madini ya mwili, na ukufi wa mtu mmoja si ukufi wa mwingine. Bibi aliyeitayarisha alikuwa na maneno ya kuonya: nani asipewe, siku ngapi zisizidishwe. Maneno hayo ni sehemu ya dawa, na ndiyo yanayopotea kwanza jani linaponunuliwa na mtu asiyefundishwa.

4. Tahadhari juu ya majina

Historia inayotegemea majina ina mitego yake. Wakalenjin wana kichaka cha jamii hii hii kiitwacho senetwet, Senna didymobotrya, ambacho makaa yake hutumiwa katika kibuyu cha mursik. Mwenye haraka atasema kwamba senetwet ni "senna". Lakini -wet ni kiishio kinachoonekana katika majina mengi ya miti ya Kikalenjin, kama vile tebeswet, lamaiywet na simotwet. Tukikiondoa, kinachobaki ni silabi mbili fupi tu. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi.

Mtego wa pili ni kudhani kwamba lugha ya jina ndiyo nchi ya mmea. Mwarobaini umetoka Bara Hindi, lakini jina lake ni la hesabu ya Kiarabu lililovishwa kiambishi cha Kibantu. Mwingajini, Senna occidentalis, asili yake ni Marekani ya kitropiki. Hata hivyo watu wa pwani waliupa jina lao wenyewe, la mti umwingao jini.

5. Hitimisho

Wako wanaoyachukua maneno kama sanamaki kuwa ushahidi kwamba utaalamu wa pwani uliazimwa wote. Wako wengine ambao, kwa kuchukia dai hilo, wangependa maneno hayo yafutwe. Msamiati tuliouchunguza hauwaungi mkono hawa wala wale. Unaonyesha watu waliopokea bidhaa pamoja na jina lake, wakaishughulikia kwa stadi walizokuwa nazo na kwa vitenzi walivyorithi.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba wakusanyaji wa msamiati wasiridhike na orodha ya nomino. Jina la dawa laweza kupatikana dukani wakati wowote. Vitenzi vya kuitayarisha, vipimo vya kiganja, na maneno ya maonyo vinapatikana kwa wazee tu, tena wachache. Wanafunzi wetu watokao pwani na bara waagizwe kuyaandika maneno hayo yakiwa ndani ya sentensi za wasemaji wenyewe, kila tendo kwa mpangilio wake, kabla wasemaji hao hawajatutoka.