Kikombe Nilichokikataa Mgogoni



Jamaa yangu mmoja anayeishi Dublin, mji mkuu wa Ireland, aliniandikia barua ndefu kunieleza habari za pabu. Sisi huku tukisikia neno hilo tunafikiri ulevi basi. Yeye, ambaye ni mtu wa swala tano na huagiza soda, anasema watu wa kule hawaendi pabu kunywa tu, wanakwenda kuzungumza. Vijijini, anasema, nyumba hiyo hiyo moja iliuza sukari na misumari upande huu, na bia upande wa pili. Mzee ana pahala pake pa kukaa na kijana hathubutu kumkalia. Kuanzia mwaka 1927 hadi 2018 sheria ya nchi ilizifunga pabu hizo kila Ijumaa Kuu, na watu wakaiona siku hiyo ndefu kuliko zote za mwaka. Mwisho wa barua akaniuliza: "Hivi sisi kwetu tunacho kitu cha namna hii?"

Nilicheka peke yangu. Kisha nikanyamaza, kwani nilikumbuka kikombe cha kahawa nilichokikataa Mgogoni, kisiwani Pemba, mwaka 1996.

Asiyepata kufika Mgogoni aelewe kwamba hapana jambo kubwa la kutazama pale. Ni upande wa kaskazini ya kisiwa, nchi ya vilima vilima, mikarafuu na minazi, na mabonde ya mpunga chini yake. Baraza ninayoizungumzia ni ukingo wa saruji uliojengwa mbele ya nyumba, chini ya kivuli, umesuguliwa na makalio ya watu hata ukang'ara. Baada ya swala ya alasiri muuza kahawa hufika na dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, na ndoo ya maji ya kusuuzia. Kahawa ni chungu, haitiwi sukari. Ukitaka utamu, kuna kashata, au kipande cha halua ya Wete ikiwa mtu ametoka mjini. Pemba hailimi kahawa ya kutosha hata kijiji kimoja. Hiyo buni hutoka bara, ivuke bahari, ndipo watu wa karafuu wapate cha kunywa. Asiye na pesa huandikwa, na deni husubiri karafuu ziive.

Bao huchezwa upande mmoja na dhumna upande mwingine, na katikati ndipo habari zilipo. Hapana mwenyekiti wala katibu, lakini kila mtu anajua nani asikatizwe akisema. Na tusidharau ukingo huo wa saruji. Zanzibar ilipoanzisha chombo chake cha kutunga sheria mwaka 1980 kiliitwa Baraza la Wawakilishi. Jina hilo ni lile lile la ukingo tunaokalia vibarazani mwetu.

Watawala wa dunia wanajua zamani kwamba kahawa na maneno ni ndugu. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliamuru nyumba za kahawa zifungwe na kahawa yenyewe ipigwe marufuku, akihofia yanayosemwa ndani yake. Mwezi wa Desemba 1675 mfalme Charles wa Pili wa Uingereza naye alitoa amri ya kufunga nyumba za kahawa nchini mwake, kwa hoja kwamba ndiko serikali yake inakosengenywa. Watu walipiga kelele, na kabla siku ya kufunga haijafika mfalme akairudisha amri yake mfukoni.

Mgogoni hakufika mfalme wala gavana. Baraza zilifungwa na wenye kuzikalia, kikombe kwa kikombe.

Mara ya kwanza ilikuwa katika miaka ile ambayo wazee wetu wanaiita zama za siasa. Julai 1957 Zanzibar ilipiga kura yake ya kwanza. BBC ilikuwa imeanza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni mwaka huo huo, na Radio Cairo nayo ilikuwa ikisikika, hivyo penye redio palikuwa na watu na penye watu palikuwa na ubishi. Chama cha ZNP, ambacho wengi walikiita Hizbu, hakikupata hata kiti kimoja mwaka huo. Mwaka 1959 wakatoka watu wa ZPPP chini ya Mohammed Shamte, mtu wa Pemba. Januari 1961 ASP ilipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Wale watatu wenyewe wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja. Ukarudiwa uchaguzi mwezi wa Juni, na Unguja ikamwagika damu: watu 68 walikufa.

Vitabu husimulia sana viti hivyo. Havisimulii sana kususiana kulikoandamana navyo: duka la fulani halinunuliwi, basi la fulani halipandwi, maiti ya fulani haizikwi na jirani yake. Mzee mmoja wa Mgogoni, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kupanda mikarafuu, alinihadithia kwamba muuza kahawa wa enzi hizo alilazimika kubeba vikombe mafungu mawili. Dele lilikuwa moja na kahawa ilikuwa moja, ila mtu wa chama hiki hakukubali kutia mdomo pale ulipotiwa na mtu wa chama kile. "Akikosea fungu," mzee alisema, "watu wanainuka wote wanakwenda zao, na kahawa inamwagwa."

Mapinduzi ya Januari 1964 yalivifuta vyama hivyo isipokuwa ASP, na vikombe vikawa fungu moja tena. Sisemi kwamba watu walipendana. Nasema walikunywa pamoja.

Sheria ya vyama vingi iliporudi mwaka 1992, watu wakarudi walipoachia, kama waliokuwa wameweka alama katika ukurasa. Mjini Unguja zikaota maskani: Kisonge pale Michenzani na ubao wake wa maneno makali ni ya CCM, na Jaws Corner katika Mji Mkongwe ikawa ya CUF. Uchaguzi wa Oktoba 1995 ukatangazwa kwa asilimia 50.2 za Salmin Amour na 49.8 za Seif Sharif Hamad. Viti vyote 21 vya Pemba vilichukuliwa na CUF. Baada ya hapo ndugu wa tumbo moja waliacha kuamkiana.

Mimi nilikwenda Mgogoni mwaka uliofuata kutazama hali. Nilifikia kwa mwenyeji mmoja mkarimu sana. Alasiri tukitoka msikitini muuza kahawa akanyosha mkono wake na kikombe: "Karibu mgeni, keti kitako." Nami nikanyosha wangu. Mwenyeji wangu akanivuta kanzu na kuninong'oneza, "Huyu si wetu. Kahawa yetu iko kule chini." Sitasema nani alikuwa chama gani, kwani hatua hamsini mbele ingeliweza kuwa kinyume chake. Nilirudisha mkono. Nikamwambia yule bwana kwamba nimefunga. Ilikuwa alasiri ya siku ya kawaida, na saa ile ile niliketi kule chini nikanywa vikombe viwili mbele ya macho yake.

Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwahubiria watu redioni juu ya umoja!

Yaliyofuata mnayajua. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, maandamano ya Pemba na Unguja yalikabiliwa kwa risasi. Watu zaidi ya 30 walikufa, na zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Miafaka ikatiwa saini, wa 1999 na wa Oktoba 2001, na karatasi zikabaki karatasi. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar. Wiki hizo, nilielezwa, ndipo watu wa baraza ya juu na wa baraza ya chini pale Mgogoni walipoanza kutembeleana, kwanza kwa kisingizio cha bao, maana kule juu ndiko kulikokuwa na bao zuri. Tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura wa Zanzibar walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Wakati huo bao lilikwisha zoeleka. Ulipofutwa uchaguzi wa 2015, tarehe 28 Oktoba, na kurudiwa Machi 2016 bila ya CUF, watu walitengana tena, ila safari hii, wazee wanasema, hawakupata nguvu ya kutengana kama zamani. Walichoka.

Barua ya Dublin ndiyo iliyonipeleka Pemba mara hii. Nilifika Mgogoni wakati karafuu zimeanikwa majamvini na njia yote inanukia. Baraza ya juu ipo. Yule muuza kahawa amekwisha kufa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Dele analo mwanawe, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Nilikaa, nikanywa cha kwanza, cha pili, na cha tatu. Watu walipopungua nikamweleza yote: kikombe, kanzu kuvutwa, na ile saumu yangu ya uongo. Nikamuuliza kama baba yake alipata kumtaja mgeni huyo.

Alifikiri kidogo huku akisuuza vikombe.

"Hakukutaja, mzee wangu. Waliokataa walikuwa wengi mno," alisema. "Yeye akiwataja waliokunywa."

Nililipa vikombe vyangu vitatu. Cha nne alikuwa amekwisha kumpa mtu aliyekuja kukaa pembeni yangu.